Utafutaji na Udhaifu wa Modeli za Akili Unde

Modeli iliyofundishwa kwa data hufanya kazi moja: inakadiria. Ikipewa picha, inakadiria ni picha ya nini. Ikipewa ubao wa mchezo, inakadiria nani atashinda. Ikipewa maneno, inakadiria neno gani linafuata. Utafutaji ni kazi nyingine kabisa: ni kuiuliza modeli maswali mengi, kulinganisha makadirio yake na kuchagua lililo bora. Programu ya sataranji hutafuta hatua, programu ya tafsiri hutafuta sentensi, na mshambuliaji anayetaka kuihadaa modeli hutafuta ingizo litakaloipotosha. Kihesabu kazi hizi tatu ni ndugu, na udugu huo ndio kiini cha suala zima. Hakuna modeli isiyokosea. Anayechukua kadirio kubwa kuliko yote kati ya maelfu hujikuta, bila kukusudia, akipendelea yale yaliyokuzwa na makosa. Ndiyo maana utafutaji ukiongezewa nguvu huizidishia modeli uwezo wake, na wakati huohuo hufichua mianya yake.

Nusu ya kwanza ya kauli hiyo ndiyo iliyotangulia kuonekana. Mwaka 1950 Claude Shannon alichapisha makala kuhusu namna ya kuifanya kompyuta icheze sataranji. Alikadiria kwamba michezo inayowezekana inafika 10 kwa kipeo cha 120, idadi isiyoweza kupitiwa na mashine yoyote. Akataja njia mbili: kupitia kila tawi hadi kina fulani, au kuchagua matawi machache yenye maana na kuyafuata mbali zaidi. Deep Blue, mashine ya IBM iliyomshinda Garry Kasparov huko New York mnamo Mei 1997 kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5, iliegemea zaidi njia ya kwanza. Ilichunguza takriban hali milioni 200 za ubao kwa sekunde, na kila hali ilipimwa kwa kanuni zilizoandikwa na binadamu.

Mchezo wa Go ulikataa njia hiyo. Ubao wake una mistari 19 kwa 19, hatua zinazowezekana ni nyingi mno, na hakuna aliyewahi kuandika kanuni fupi ya kusema nani anaongoza katikati ya mchezo. Mwaka 2006 Rémi Coulom wa Ufaransa alionyesha njia ya kuukuza mti wa michezo kidogokidogo kwa kutumia matokeo ya michezo ya kubahatisha. Mwaka huohuo Levente Kocsis na Csaba Szepesvári walitoa fomula ya kugawa muda wa mashine kati ya tawi linaloonekana zuri na tawi ambalo bado halijajaribiwa vya kutosha. Mbinu hiyo hujulikana kama utafutaji wa mti wa Monte Carlo. AlphaGo, kazi ya kampuni ya DeepMind ya London, iliiunganisha na mitandao ya nyuroni: mmoja wa kupendekeza hatua, mwingine wa kukadiria nafasi ya ushindi. Mnamo Machi 2016, huko Seoul, AlphaGo ilimshinda Lee Sedol michezo 4 kwa 1.

Mchezo mmoja iliopoteza una mafunzo zaidi kuliko minne iliyoshinda. Katika mchezo wa 4, Lee Sedol aliweka kete ya 78 mahali ambapo mtandao wa AlphaGo uliona uwezekano wa kuchezwa ni chini ya 1 kwa 10,000. Kwa kuwa mtandao ndio unaoamua matawi yapi yafuatiliwe, tawi hilo halikuchunguzwa ipasavyo. Demis Hassabis, kiongozi wa DeepMind, alieleza baadaye kwamba mashine ilikosea katika hatua ya 79 ilhali ikijipa nafasi ya ushindi ya asilimia 70, na haikutambua kosa lake hadi karibu hatua ya 87. Hapo ndipo ulipoonekana wazi udhaifu wa utafutaji unaoongozwa na modeli: unaona mbali kule modeli inakotazama, na hauoni kitu kule ambako modeli imeamua hakuna cha kuona.

Miaka iliyofuata ilileta programu zenye nguvu zaidi. AlphaZero ilijifunza Go, sataranji na shogi (sataranji ya Kijapani) kwa kucheza dhidi ya nafsi yake, na katika ripoti ya mwaka 2018 ilichunguza hali 60,000 za sataranji kwa sekunde wakati mpinzani wake, programu ya Stockfish, ikichunguza milioni 60. Wengi waliona kwamba suala la Go limefungwa. Lilifunguliwa upya mwishoni mwa mwaka 2022, pale kundi la watafiti, miongoni mwao Tony Wang na Adam Gleave, lilipochapisha kazi dhidi ya KataGo, programu ya Go ya chanzo huria iliyoanzishwa na David Wu na ambayo uwezo wake unapita ule wa mabingwa wa kibinadamu.

Watafiti hawakujaribu kuunda mchezaji bora kuliko KataGo. Waliunda mchezaji mwenye lengo moja, kuishinda KataGo peke yake. Mshambuliaji huyo naye alitumia utafutaji wa mti, lakini kwa badiliko dogo lenye uzito: kila zamu ya mpinzani ilipofika ndani ya mti, hakudhani kwamba mpinzani angecheza vizuri kama yeye, bali aliuliza mtandao wa KataGo yenyewe ungecheza nini. Alitumia nguvu ya kompyuta isiyozidi asilimia 14 ya ile iliyotumika kuifundisha KataGo. Katika toleo la mwanzo alishinda kwa kuifanya KataGo ipitishe zamu mapema chini ya kanuni fulani za kuhesabu pointi, na wachezaji wa Go walilalamika, kwa haki, kwamba ule ulikuwa ushindi wa kanuni kuliko wa mchezo. Toleo lililofuata lilifunga mjadala. Mshambuliaji alishinda zaidi ya asilimia 97 ya michezo dhidi ya KataGo ikiwa katika kiwango chake cha kuwapita mabingwa, na kwa hila inayoonekana kwa macho.

Hila yenyewe ni hii. Mshambuliaji hujenga kundi dogo la kete ambalo KataGo inalizingira. Kete za KataGo zikishikana kuzunguka kundi hilo, zinaunda duara kamili. Kisha mshambuliaji, polepole, huanza kulizingira duara hilo kutoka nje. Mchezaji wa wastani angeshtuka na kuokoa kete zake. KataGo haishtuki, inaendelea kuamini kwamba duara liko salama, hata hatua chache kabla ya kuliwa lote kwa mpigo. Mshambuliaji mwenyewe ni mchezaji dhaifu, kwa kuwa hata wasio wataalamu humshinda. Mmoja wa watafiti, Kellin Pelrine, mchezaji mzuri asiye wa kulipwa, alijifunza hila hiyo na mapema mwaka 2023 ikaripotiwa kwamba ameshinda michezo 14 kati ya 15 bila msaada wowote wa kompyuta wakati wa kucheza. Kuiongezea KataGo muda wa kutafuta kulisaidia kiasi tu, maana matawi yote yalipimwa na mtandao uleule usiolielewa duara.

Kilichofuata kinastahili kukumbukwa kuliko ushindi wenyewe. KataGo iliongezewa mafunzo mahususi dhidi ya hila hiyo. Mwaka 2024 watafiti walitoa matokeo ya kupima kinga tatu: mafunzo kwa hali zilizotengenezwa kwa mkono, mafunzo ya raundi kwa raundi dhidi ya washambuliaji wapya, na kubadilisha muundo wa mtandao. Washambuliaji wapya walizipenya zote tatu. Go ina kanuni chache, ubao ulio wazi na mshindi asiye na utata. Ikiwa kinga imekuwa ngumu hivyo hapa, hakuna sababu ya kutarajia wepesi kwenye mazungumzo ya binadamu.

Mianya ya namna hii haihitaji adui. Katika tafsiri ya mashine, modeli hutoa uwezekano wa kila sentensi, na programu hutafuta sentensi yenye uwezekano mkubwa kwa kushikilia vipande vichache vinavyoongoza na kuviendeleza neno kwa neno. Philipp Koehn na Rebecca Knowles walionyesha mwaka 2017 kwamba kuongeza idadi ya vipande kunainua ubora hadi kiwango fulani, kisha ubora unashuka. Miaka miwili baadaye Felix Stahlberg na Bill Byrne walitengeneza utafutaji usiokosa, unaopata kwa hakika sentensi ambayo modeli inaipa alama kubwa kuliko zote. Kwa zaidi ya nusu ya sentensi walizojaribu, kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani, jibu lilikuwa sentensi tupu, isiyo na neno hata moja. Modeli iliyosifiwa kwa tafsiri zake ilikuwa inaamini kwamba tafsiri bora ya sentensi nyingi ni kimya, na udhaifu wa utafutaji wa kawaida ndio uliokuwa ukiwaficha watumiaji jambo hilo.

Hali ni hiyohiyo pale mashine inapofukuzia alama. Mwishoni mwa mwaka 2016 kampuni ya OpenAI ilieleza jinsi programu iliyofundishwa kucheza mchezo wa mbio za boti, CoastRunners, ilivyoacha mbio zenyewe. Ilipata ghuba yenye vitu vitatu vya kugonga ambavyo hujitokeza upya kila baada ya muda, ikawa inazunguka pale pale huku boti ikiwaka moto na kugonga boti nyingine, na ikajikusanyia alama kwa wastani wa asilimia 20 zaidi ya wachezaji binadamu. Mwaka 2022 Leo Gao, John Schulman na Jacob Hilton walilipima jambo hili kwa modeli za lugha. Walichukua modeli inayotoa alama za ubora wa majibu, wakaitumia kuchagua jibu bora kati ya mengi. Utafutaji ulivyozidi, alama za modeli hiyo ziliendelea kupanda, lakini ubora wa kweli ulipanda, ukafika kilele, kisha ukaporomoka.

Upande wa mashambulizi ya makusudi ulianza na picha. Mwishoni mwa mwaka 2013 Christian Szegedy na wenzake walionyesha kwamba picha inayotambuliwa vizuri na mtandao wa nyuroni inaweza kubadilishwa kidogo mno, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, na mtandao ukatoa jibu jingine kabisa. Mwaka uliofuata Ian Goodfellow, Jonathon Shlens na Szegedy walitoa mfano uliozunguka dunia nzima: picha ya panda iliyotambuliwa kwa uhakika wa asilimia 57.7 iliongezewa mabadiliko madogo kwenye pikseli zake, na mtandao ukasema kwa uhakika wa asilimia 99.3 kwamba ni giboni, aina ya sokwe mdogo wa Asia. Njia waliyotumia ilikuwa ya hatua moja. Modeli hufundishwa kwa kuhesabu kila kigezo kisogezwe upande gani ili kosa lipungue. Mshambuliaji hutumia hesabu ileile kwa kinyume, akiuliza kila pikseli isogezwe upande gani ili kosa liongezeke.

Mshambuliaji asiyeweza kuona ndani ya modeli pia ana njia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walionyesha mwaka 2017 kwamba mara nyingi kubadilisha pikseli moja kwenye picha ndogo kunatosha, na pikseli hiyo waliitafuta kwa kuzalisha majaribio mengi, kubakiza yaliyofaulu zaidi na kuyachanganya. Wengine hutengeneza shambulizi dhidi ya modeli yao wenyewe kisha hulipeleka kwenye modeli ya mtu mwingine, kwa sababu mianya mara nyingi huhama. Wala si mambo ya skrini tu. Anish Athalye na wenzake walichapa kobe wa plastiki ambaye mtandao ulimwona kuwa bunduki karibu kutoka kila upande, na Kevin Eykholt na wenzake walibandika stika kwenye alama za barabarani za kusimama, zikasomwa kuwa alama za kikomo cha mwendo.

Kwa nini mianya hii ipo? Jibu lenye nguvu zaidi lilitolewa mwaka 2019 na Andrew Ilyas na wenzake. Data ina dalili nyingi zinazosaidia kweli kutabiri jibu, lakini ni dhaifu na hazionekani kwa binadamu. Modeli huambiwa ipunguze makosa, haiambiwi ione kama mtu, kwa hiyo huzitumia zote. Kwa maelezo hayo mwanya ni sehemu ya ujuzi wenyewe wa modeli, wala si hitilafu ya kurekebishwa kwa kiraka.

Historia ya kinga inasikitisha, na inafaa isomwe na kila anayenunua au kutangaza mfumo wa akili unde. Mwaka 2018 Athalye, Nicholas Carlini na David Wagner walichukua kinga tisa zilizokuwa zimekubaliwa kwenye mkutano mmoja mkubwa wa kisayansi. Saba kati yake zilifanya kazi kwa kuvuruga tu hesabu anayoitegemea mshambuliaji. Watafiti hao walibadilisha namna ya kutafuta, wakazivunja sita kabisa na moja kwa sehemu. Kinga hizo hazikuwa zimeuondoa udhaifu. Zilikuwa zimemfanya mtafutaji wa kwanza apotee njia. Mwandishi wa kinga aliyepima kwa shambulizi dhaifu alijidanganya kwanza kabla ya kuwadanganya wasomaji wake.

Kinga iliyosimama muda mrefu zaidi ni ile inayoingiza utafutaji wenye nguvu ndani ya mafunzo. Aleksander Madry na wenzake, mwaka 2017, walifundisha modeli kwa picha zilizokwisha kushambuliwa vikali katika kila hatua ya mafunzo. Gharama ilikuwa kubwa. Kwenye mkusanyo wa picha uitwao CIFAR-10, modeli yao ilipata takriban asilimia 87 kwa picha za kawaida, chini ya modeli isiyo na kinga, na takriban asilimia 46 kwa picha zilizoshambuliwa. Zipo pia njia zinazotoa uthibitisho wa kihesabu, kama ile ya kuongeza kelele za kubahatisha iliyoelezwa na Jeremy Cohen na wenzake mwaka 2019, lakini uthibitisho wake unahusu mabadiliko madogo tu ya aina maalumu.

Modeli kubwa za lugha zimerithi yote haya. Hufundishwa kukataa maombi yenye madhara, na mshambuliaji hutafuta maneno yatakayoizidi nguvu tabia hiyo. Maneno hayasogezwi kidogokidogo kama rangi ya pikseli, kwa hiyo utafutaji wake ulikuwa mgumu kwa muda. Mnamo Julai 2023 Andy Zou, Zico Kolter, Matt Fredrikson na wenzao walitoa njia ya kutafuta mfuatano wa tokeni, yaani vipande vya maneno, unaobandikwa mwishoni mwa ombi. Hesabu za ndani ya modeli huonyesha ni tokeni zipi zinaelekea kusaidia, mamia ya mabadiliko hujaribiwa, bora hubakizwa, na kazi hurudiwa hadi modeli ianze jibu lake kwa kukubali. Mfuatano unaopatikana hausomeki. Hata hivyo ule uliotafutwa kwenye modeli huria ulifanya kazi pia, kwa viwango tofauti, kwenye modeli za biashara ambazo watafiti hawakuweza kuona ndani yake.

Njia nyingine huipa modeli moja kazi ya kuishambulia nyingine. Njia moja ya aina hiyo hufanikiwa mara nyingi kwa maombi yasiyofika 20. Nyingine hukuza mti wa mashambulizi na kukata matawi yasiyo na tumaini, na programu ya GPTFuzzer ya mwaka 2023 huchagua mbegu za mashambulizi kwa mbinu iliyotokana na utafutaji wa mti wa Monte Carlo. Utafiti wa Desemba 2024 ulionyesha kwamba hata ufundi hauhitajiki sana. Ombi lilelile lilirudiwa mara nyingi huku herufi zikibadilishwa ovyo, na baada ya majaribio 10,000 mafanikio dhidi ya modeli ya GPT-4o yalifika asilimia 89. Mafanikio yalipanda kwa mpangilio unaotabirika kadiri majaribio yalivyoongezeka. Modeli inayokataa mara 99 kati ya 100 inaonekana salama kwa mtu anayeuliza mara moja. Kwa mashine inayouliza usiku kucha, iko wazi.

Hapa Kiswahili kinaingia moja kwa moja. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walitafsiri maombi ya hatari kwenda lugha zenye data chache, zikiwemo Kizulu na Kigaeli cha Uskochi. Kwa kujaribu lugha moja baada ya nyingine waliipita kinga ya modeli ya GPT-4 kwa asilimia 79 ya maombi. Mwaka huohuo Yue Deng na wenzake walitengeneza mkusanyo wa maombi 315 katika lugha mbalimbali, na Kiswahili kiliwekwa pamoja na Kibengali na Kijava katika kundi la lugha zenye data chache. Katika kundi hilo uwezekano wa mtumiaji wa kawaida, asiye na nia ya kushambulia, kukutana na jibu lenye madhara ulikuwa takriban mara tatu ya ule wa lugha zenye data nyingi. Mzungumzaji wa Kiswahili, basi, hakuhitaji hila. Kuuliza kwa lugha yake kulitosha kumweka mahali ambapo mafunzo ya usalama yalikuwa hayajafika. Kampuni zimekuwa zikiboresha modeli zao tangu hapo, lakini chanzo kipo palepale: kinga hujifunzwa kwa mifano, na mahali penye mifano michache kinga ni nyembamba.

Mnamo Oktoba 2025 watafiti kutoka taasisi kadhaa, zikiwemo OpenAI, Anthropic na Google DeepMind, walirudia zoezi la mwaka 2018 la kuvunja kinga, safari hii kwa modeli za lugha. Walichukua kinga 12 zilizochapishwa, wakazishambulia kwa mbinu zilizorekebishwa kulingana na kila kinga, wakitumia pamoja nazo binadamu wenye ujuzi. Nyingi zilivunjwa kwa zaidi ya asilimia 90, ingawa waandishi wake walikuwa wameripoti mafanikio ya mashambulizi karibu na sifuri. Tofauti kati ya takwimu hizo mbili ni juhudi za mtafutaji tu.

Kwa hiyo kauli kwamba modeli fulani ni salama haina maana mpaka itajwe nani aliitafutia mianya, kwa muda gani, kwa uwezo gani wa kompyuta na kwa lugha zipi. Wizara, benki na hospitali za Afrika Mashariki zinazoletewa mifumo ya kuzungumza na wananchi zidai ripoti ya majaribio ya aina hiyo yaliyofanywa kwa Kiswahili jinsi kinavyosemwa, pamoja na mchanganyiko wake na Kiingereza na Sheng, na watafiti wa vyuo vya eneo hili wapewe nafasi na vifaa vya kuyafanya wenyewe kabla mfumo haujafunguliwa kwa umma.